Max for Live

Max for Live ni mazingira ya kutengeneza programu kwa michoro, yaliyomo ndani ya Ableton Live, programu ya kompyuta inayotumika kurekodi, kutunga na kupiga muziki jukwaani. Mtumiaji haandiki mistari ya msimbo. Huweka vikasha kwenye ukurasa mtupu, kila kikasha na kazi yake, kisha huviunganisha kwa nyaya. Mchoro uliokamilika huitwa pachi, na ukishahifadhiwa huwa kifaa kinachokaa kwenye treki kama ala au ifekti nyingine yoyote. Max for Live ilitolewa Novemba 2009 na kampuni mbili zilizoshirikiana: Ableton ya Berlin, Ujerumani, na Cycling '74 ya Marekani.

Plagini ya kawaida, yaani programu ya nyongeza, humfikia mnunuzi ikiwa imefungwa: anazungusha nobu alizopewa, basi. Kifaa cha Max for Live, kwa kawaida, hufunguka kwa kubofya kitufe kimoja, na pachi iliyo ndani ikasomeka na kurekebishwa. Hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa: mwanamuziki anapata haki ya kukitengeneza chombo chake mwenyewe.

Asili

Max, programu iliyo kiini cha Max for Live, ni kongwe kuliko Live. Ilianzishwa na Miller Puckette katikati ya miaka ya 1980 kwenye taasisi ya utafiti wa muziki ya IRCAM, Paris. Mtunzi Philippe Manoury aliitumia katika Pluton, kazi ya piano na kompyuta ya mwaka 1988, ambamo mashine ilipaswa kumfuata mpigaji papo hapo. Jina lilitolewa kwa heshima ya Max Mathews, Mmarekani aliyeifanya kompyuta itoe muziki mwaka 1957.

Mwaka 1990 kampuni ya Opcode ilianza kuiuza Max, kazi ya kuiendeleza ikiwa mikononi mwa David Zicarelli. Wakati huo Max ilishughulikia ujumbe wa MIDI tu, yaani maagizo ya noti na nobu, si sauti yenyewe. Mwaka 1997 Zicarelli alianzisha Cycling '74 na kutoa nyongeza ya MSP, iliyoiwezesha Max kuunda na kubadilisha sauti ndani ya kompyuta ya kawaida. Puckette naye alikwisha kutengeneza Pure Data, programu ya ukoo huohuo iliyo huru na isiyolipiwa.

Upande wa Ableton, kampuni iliundwa Berlin mwaka 1999 na Live ikatoka 2001. Gerhard Behles na Robert Henke, waliokuwa miongoni mwa waasisi wa kazi hiyo, walikuwa wakipiga muziki kwa jina la Monolake na kujitengenezea zana kwa Max. Kwa hiyo ndoa ya mwaka 2009 iliwakutanisha watu waliofahamiana. Mwaka 2017 Ableton iliinunua Cycling '74, na kuanzia Live 10 ya mwaka 2018 Max husakinishwa pamoja na Live yenyewe.

Aina za vifaa

Vifaa vya asili ni vya aina tatu. Ifekti ya MIDI hupokea noti na kutoa noti. Inaweza, kwa mfano, kugeuza noti moja kuwa kodi nzima. Ala hupokea noti na kutoa sauti. Ifekti ya sauti hupokea sauti na kutoa sauti iliyobadilishwa. Live 12 ya mwaka 2024 iliongeza aina mbili zinazofanya kazi kwenye noti zilizokwisha kuandikwa: moja huzalisha noti mpya, nyingine huzigeuza zilizopo.

Pachi inavyofanya kazi

Kikasha kina matundu ya kuingilia juu na ya kutokea chini. Nyaya hubeba mambo ya namna mbili. Ujumbe, kama namba au noti, husafiri pale tu jambo linapotokea. Wimbi la sauti hutiririka bila kukoma, na vikasha vyake hutambulika kwa alama ya ~ mwishoni mwa jina.

Tuchukue ifekti ndogo inayoifanya sauti ipande na kushuka kwa mapigo sawa. Anayefungua ifekti mpya ya sauti hukuta vikasha viwili vimekwisha wekwa: plugin~, inapoingilia sauti ya treki, na plugout~, inapotokea. Katikati huweka kikasha cha kuzidisha, *~. Kisha huongeza cycle~ yenye namba 4, inayotoa wimbi la mizunguko 4 kwa sekunde. Wimbi hilo hucheza kati ya -1 na 1, lakini ukubwa wa sauti unatakiwa ucheze kati ya 0 na 1. Kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye *~ 0.5, halafu kwenye +~ 0.5. Likishaunganishwa na tundu la kulia la kikasha cha kuzidisha, gitaa lililorekodiwa kavu huanza kupumua mara 4 kila sekunde. Kilichobaki ni kuongeza live.dial, nobu ya kubadilishia kasi, ambayo Live huikumbuka wimbo ukihifadhiwa.

Kanuni moja huwasumbua wanaoanza: mpangilio wa ujumbe ni kulia kwenda kushoto. Katika kikasha cha kujumlisha, namba inayoingia kulia huhifadhiwa tu. Jibu hutoka pale namba ya kushoto inapofika. Asiyelijua hilo hupata majibu ya nyuma kwa hatua moja na hudhani programu ina kasoro.

Mawasiliano na Live

Pachi inaweza pia kuisoma na kuiongoza Live. Kikasha live.path huonyesha njia ya kufikia kitu, mathalani wimbo mzima au treki fulani; live.object huuliza au kubadilisha sifa yake, live.observer huiangalia na kutoa taarifa kila inapobadilika. Kwa njia hii tempo inaweza kuongezwa na kifaa, au treki kunyamazishwa kwa kanyagio. Pale nobu inapotakiwa kusogezwa mfululizo, hutumika live.remote~, kwa sababu live.object huacha alama katika orodha ya kutengua kila inapobadilisha kitu.

Masafa ya noti

Kikasha mtof hugeuza namba ya noti kuwa masafa: 69 hutoa hezi 440. Kwa kuwa hukubali desimali, 60 hutoa takriban hezi 261.6 na 60.5 hutoa takriban 269.3, sauti iliyo katikati ya funguo mbili za piano. Jambo hili lina uzito kwa muziki unaotumia maqam, ikiwemo taarabu ya Zanzibar inayopigwa kwa udi na kanuni, ambao baadhi ya noti zake hazipatikani kwenye kibodi.

Mipaka

Max for Live imo katika toleo la Live Suite. Mwenye Standard huinunua kama nyongeza. Pachi nzito hula nguvu nyingi zaidi ya kompyuta kuliko plagini ya kazi ileile. Kifaa cha MIDI hakipeleki noti moja kwa moja kwenye treki nyingine. Aidha, vifaa vyote vilivyo wazi hutumia Max moja: nakala mbili zikitumia kikasha cha send chenye jina lilelile, zitaingiliana. Dawa yake ni kutanguliza vistari vitatu, ---, mbele ya jina, ili kila nakala ipate jina la peke yake.

Programu za jamii hii

Reaktor ya Native Instruments, iliyoanza mwaka 1996 kwa jina la Generator, huendeshwa kama plagini. Bitwig Studio ina The Grid tangu 2019. FL Studio, inayotumika sana katika studio za Bongo Fleva, ina Patcher, ambayo zaidi huunganisha plagini zilizokwisha kutengenezwa. Plugdata, isiyolipiwa, hupeleka pachi za mtindo wa Pure Data ndani ya programu yoyote inayopokea plagini za VST.

Kwa anayetaka kujifunza, njia bora ni kufungua kifaa kilichokwisha tengenezwa, kuchomoa waya mmoja na kusikiliza kilichobadilika, kabla ya kuchora cha kwake. Asiyeweza kuinunua Suite aanze na plugdata: kanuni za vikasha, nyaya na mpangilio wa kulia kwenda kushoto ni zilezile kwa sehemu kubwa, na ujuzi huo atahamia nao kwenye Max for Live.