Posho Moja ya Mwezi wa Saba 2016

Mimi ni mtu wa agronomia, sheria si shamba langu. Lakini kuna tarehe mbili zinanisumbuaka tangu siku nyingi, acheni nizielezee.

Tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinapingana na Katiba. Sheria ile ilimruhusu msichana aolewe na miaka 15, hata 14 kama mahakama inakubali, wakati mwanaume alipaswa kungoja 18. Siku saba nyuma, tarehe 15 Julai, huku kwetu Kinshasa ikatoa sheria namba 16/008 ya kurekebisha Code ya familia ya 1987. Na ile Code ilisemaka nini? Msichana 15, mwanaume 18. Hesabu ni ile ile! Inchi mbili, posho moja.

Aliyepeleka kesi Dar es Salaam ni Rebeca Gyumi. Ni kweli alisoma sheria, lakini kazi iliyomutengeneza haikuwa ya koti nyeusi. Miaka mingi alifanya na Femina Hip, shirika linalotoa gazeti la Fema kwa wanafunzi wa sekondari, na watu walimuona kwenye televisheni akiongea na vijana. Kiisha akaanzisha Msichana Initiative, juu ya haki ya msichana kusoma. Mi naona kesi ilizaliwa pale. Mtu aliyezunguka na wanafunzi anajua kiti gani kinabakia wazi darasani. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe sheria, ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa Gyumi haki. Katikati, 2018, alikuwa amepata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu.

Kwetu njia ilikuwa ingine. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilikuwa imeshakataza ndoa ya watoto, kifungu cha 48, na ikaweka tribinali za watoto. Lakini Code ikabakia na 15 yake. Miaka saba, karatasi mbili za inchi moja zinabishana.

Sasa Kamalondo. Mwaka ule nilikuwa nimetoka kufanya Exetat. Kwenye parsele yetu kulikuwa binti wa miaka 16, jioni alikuwaka ananiomba nimueleze hesabu. Mwezi wa nane wageni wakakuja na mahari. Mama yangu akasema, “Lakini iko anasoma.” Baba yake mukubwa akajibu: “Mama, masomo itamupikia?” Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ni mimi niliyebeba kazie za sucré. Sheria mpya haikuwa na miezi miwili. Hakuna hata mmoja pale aliyeijua, na avoka hakuna aliyemuita. Sisi avoka tunamuitaka kama kuna ugomvi wa parsele.

Mwaka jana nilimukuta sokoni, iko anauzisha sukari. Ana watoto watatu.

“Yaya, zile fraksyo unazikumbuka bado? Mukubwa wangu ananiulizaka, nakosa ya kujibu.”

Nikakaa kwenye kiti chake kidogo, nikamuchorea kwenye karatasi ya kufungia sukari.