Kofia Waliyonyimwa Babu Zetu

Nilianza kuvaa kofia kila siku baada ya kustaafu. Miaka yote niliyofundisha jiografia hapa Unguja nilikwenda kichwa wazi, na kofia niliitoa Ijumaa, sikukuu, arusini na mazikoni. Sisi tuliosoma baada ya Mapinduzi tuliona nywele ndizo pambo. Tulizifuga, tukazichana kwa kitana cha mti, na kofia tukawaachia wazee wa barazani. Leo mzee wa barazani ni mimi, na sikumbuki vazi lililowahi kunipa raha kama hili.

Raha yenyewe si ya kivuli. Kofia yetu ya viua haina ukingo wa kukinga jua, na mvua ikinyesha ni ya kuvuliwa haraka na kutiwa mfukoni. Lakini inamtaka mtu ashike shingo. Ukiinama ovyo inasogea, ukijikokota inakaa upande. Tangu niivae natembea wima zaidi, na vijana wanaonipita hapa Mwembetanga wananiamkia kabla sijawatazama. Nikaanza kujiuliza heshima hii imetoka wapi, na nani hasa aliyekuwa na haki nayo zamani.

Jibu si jepesi kulisema katika nyumba nyingi za Unguja, pamoja na yetu. Katika karne ya 19, mavazi ya mji huu yalikuwa yakimtangaza mtu kabla hajafungua kinywa. Bwana wa Kiarabu alivaa kilemba na joho, jambia kiunoni. Muungwana alivaa kanzu na kofia. Mtumwa hakuwa na ruhusa ya kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya mabwana. Alijifunga kipande cha merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani, ambao walikuwa na mkataba na Sultani Sayyid Said tangu 1833. Merikani ilikuwa nguo ya bei ndogo, na kichwa wazi kilimaliza maelezo.

Babu wa babu yangu alikuwa mtu wa shamba la karafuu. Nyumbani tulisema "alitoka shamba", tukaishia hapo.

Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba. Amri ile haikumfungulia kila mtu mlango siku hiyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hadi 1909. Hata hivyo watu walikwenda, na wengi wao hawakurudi mashamba. Walikuja Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, wakajenga vibanda vya udongo na makuti, wakaanza maisha.

Na wakavaa. Hili ndilo jambo ambalo nilifundisha miaka mingi bila kulizingatia: walichokifanya waliokuwa watumwa, mara walipopata visenti, ni kununua kanzu na kofia. Wake zao waliacha merikani na kaniki, wakajitanda kanga za rangi na maua, na baadaye buibui. Karatasi ya mahakama ilikaa sandukuni. Kofia ilionekana na kila mtu njiani. Mwanamume aliyepita Darajani na kofia kichwani mwaka 1900 alikuwa akimwambia aliyekuwa bwana wake neno ambalo mdomo wake labda usingethubutu kulitamka.

Kofia hazikuwa aina moja. Tarbushi, ile nyekundu ya sufi yenye kishada cheusi, ilipendwa na makarani na watu wa serikali, na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, nao walivalishwa tarbushi zao. Tazama picha za Dar es Salaam za miaka ya 1950, Mwalimu Nyerere kijana katikati ya wazee wa TANU: kanzu, koti juu yake, na kofia au tarbushi kichwani. Ng'ambo ya bahari, wenzetu wa Oman wanavaa kofia kama yetu na kuiita kumma, na Waomani wengi wenyewe wanasema ina undugu na Afrika Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, familia nyingi za Unguja zilihamia huko. Kofia iliyokwenda na kurudi na majahazi ikapanda ndege. Mpwa wangu aliyeko Muscat anasema kumma ni ya kila siku, lakini penye shughuli ya serikali unafunga kilemba.

Wapo wanaodhani kofia ni ya Waislamu peke yao. Sikubaliani nao. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliivaa mpaka watu wakaona uso wake haujakamilika bila ya kofia, na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kila siku kanisani, aliivaa pia. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu kutoka Songea, huvaa baraghashia yake hadi mlangoni mwa kanisa, kisha huiweka juu ya goti mpaka misa imalizike. Mimi msikitini nabaki nayo. Tukitoka tunakutana kwenye kahawa, wote wawili na kofia zetu.

Yangu nimeshonewa na mama mmoja wa mtaa wetu. Siku ya kwanza alinizungushia uzi kichwani, akaukata kwa meno, akasema, "Mwalimu, hichi si kichwa cha kofia ya dukani." Kofia ya viua ni vipande viwili tu, duara la juu na ukanda wa pembeni, kila kimoja cha bafta nyeupe iliyokunjwa mara mbili. Ua huchorwa kwa penseli. Kisha hutobolewa tundu dogo kwa sindano nene, na tundu lile huzungushiwa uzi, mshono kwa mshono, mpaka likaze na kuwa jicho dogo la duara. Halafu linalofuata, halafu jengine, mamia kwa mamia. Uzi ukivutwa mno kitambaa kinajikunja. Ukilegea tundu linafumuka kwenye maji. Anashona baina ya kupika na kuwapokea watoto wa chuoni, kwa hiyo kofia moja humla mwezi na zaidi. Vitundu vile vinapitisha upepo, na kwenye joto la Machi kichwa changu kinalijua hilo.

Kuifua nimefundishwa na yeye. Haikamuliwi. Inasuguliwa polepole kwa sabuni, inachovywa katika uji mwepesi wa wanga, kisha inavishwa juu ya bakuli lililopinduliwa ikauke kwa umbo lake.

Kinachoniuma ni bei. Kofia za mashine kutoka nje zimejaa madukani, nyingi nzuri kwa macho, na mnunuzi anamtajia mshonaji bei ya mashine kwa kazi ya mwezi mzima. Mama huyu ana binti wawili, na hakuna aliyetaka kuishika sindano. Wameona macho ya mama yao yanavyochoka na kiasi kinachoingia. Siwalaumu. Mimi naagiza na kulipa mwanzo, bila kupunguziwa, na wanafunzi wangu wa zamani wenye kazi zao nawaambia wafanye vivyo hivyo. Watatu wameshapimwa vichwa. Kofia zao zitakuwa tayari kabla ya Idi Kubwa, na ya nne, ya mjukuu wangu, inachorwa ua wiki hii.