Kabla Uongeze Shot Ingine ya Jäger: Hizi Keroro za Mitishamba Zilitoka Wapi?

Ijumaa usiku, mbogi iko kwa meza, weita analeta chupa ya kijani yenye picha ya kulungu. Lazima kuwe na msee mmoja wa kusema, "Hii si pombe, hii ni dawa." Mnacheka, mnashusha. Lakini huyo msee hajakosea kabisa. Amechelewa tu miaka mia kadhaa.

Zilianza kama dawa, kweli

Kitambo Ulaya, watawa ndio walikuwa na bustani za dawa, vitabu, na muda wa kujaribu vitu. Waligundua ukiloweka mizizi, maganda na majani kwa pombe kali, pombe inavuta mafuta na uchungu ambao maji yanaacha nyuma. Tena dawa haiozi haraka. Shida ni ladha. Kama shosho yako amewahi kukunywesha muarubaini, unajua ile uchungu ya kukunja uso. Ndio maana wakatia sukari na asali.

Hapo ndipo liqueur ya mitishamba ilizaliwa: pombe, mimea, sukari. Siku hizi sheria ya Ulaya inataka liqueur nyingi ziwe na angalau gramu 100 za sukari kwa kila lita, na pombe isiyopungua asilimia 15.

Chartreuse (Ufaransa)

Hii ndio iko na stori kali zaidi. Mwaka wa 1605 watawa karibu na Paris walipewa karatasi za dawa ya maisha marefu. Ilikuwa ngumu kuelewa hadi 1737 ndio wenzao wa milimani, kwa monasteri ya Grande Chartreuse, walifaulu kuipika. Ina mimea 130. Ile ya kijani iko na asilimia 55, na ile ya manjano ilikuja 1838 ikiwa tamu na laini kidogo.

Mwaka wa 1903 serikali ya Ufaransa iliwafurusha watawa na kuchukua kiwanda. Wakabeba siri yao hadi Tarragona, Uhispania, wakaendelea kupika huko. Waliobaki na jina Ufaransa walijaribu kuiga wakashindwa. Mpaka leo ni watawa wachache sana wanajua mchanganyiko wote. Na mwaka wa 2023 dunia ilipolilia chupa zaidi, walikataa kuongeza, juu wanataka muda wa kuomba. Manze, hiyo ni msimamo.

Unicum (Hungary)

Chupa ya mviringo, nyeusi, na msalaba mwekundu. Ni ya familia ya Zwack. Serikali ya kikomunisti ilipopora kiwanda 1948, János Zwack alitoroka na mchanganyiko wa kweli, huku serikali ikiachiwa feki. Mwanawe Péter alirudi baadaye na kununua biashara ya familia tena.

Fernet-Branca (Italia)

Ilianza Milan 1845, na ni chungu kama ukweli. Marekani ilipopiga pombe marufuku kuanzia 1920, hii ilikuwa inauzwa kwa famasia kama dawa ya tumbo. Lakini wanaoipenda kuliko wote ni Waajentina, wanaichanganya na soda ya cola.

Jägermeister (Ujerumani)

Yenye mnaijua. Curt Mast aliitunga 1934 kwa mji wa Wolfenbüttel, ikaingia sokoni 1935. Mast alipenda kuwinda, ndio maana jina linamaanisha bwana wa wawindaji. Kulungu mwenye msalaba katikati ya pembe anatoka kwa hadithi ya Mtakatifu Hubertus. Ndani kuna viungo 56, ikiwemo tangawizi na mdalasini, vitu ziko jikoni kwa mama yako. Inalazwa kwa mapipa ya mwaloni kabla ya kutiwa kwa chupa. Na hapana, haina damu ya kulungu. Hiyo ni uongo ya baa.

Wazee wa Ujerumani walikuwa wanakunywa kijiglasi kimoja baada ya kula. Mambo ya shot za klabu yalikuja baadaye, Mmarekani mmoja, Sidney Frank, alipoisukuma kwa wanafunzi wa vyuo miaka ya themanini.

Sasa tuongee ukweli

Jäger iko na asilimia 35. Piga hesabu: chupa ya mililita 700 ina pombe sawa na karibu bia 12 za mililita 500 zenye asilimia 4.2. Utamu na mitishamba havipunguzi hata tone.

Ukiongeza energy drink, mambo yanakuwa mabaya. Kafeini haitoi pombe kwa damu. Inakuondolea usingizi tu, unabaki umelewa lakini unajiona fiti. Nina beshte alikuwa anaongea poa kabisa, macho kali, akasema anaweza kuendesha nduthi hadi kwa keja. Tulimwamini. Hakufika hata kwa lami, alijimwaga kwa mtaro na kuvunjika mkono. Mpaka leo najiuliza mbona hakuna aliyemnyang'anya funguo, mimi nikiwemo.

Kwa hivyo kama umetimiza 18 na unataka kuonja, kula kwanza, kunywa polepole kijiglasi kimoja ili usikie hizo viungo, na maji iwe karibu. Cheki stempu ya KRA kwa chupa na uiscan na app ya Soma Label, juu chupa ya Jäger inaweza kujazwa kitu hata shetani hajui.

Na yule msee akisema tena ni dawa, mwambie sawa. Lakini dawa huwa na kipimo.