Gemu Ngumu za Vyombo vya Anga

Gemu za kufyatua maadui huku chombo kikiruka kutoka kushoto kwenda kulia zilizaliwa kwenye mashine za sarafu, na ugumu wake ulianzia hapohapo. Mwenye ukumbi alinunua mashine kwa fedha nyingi, akazirudisha sarafu kwa sarafu: senti 25 Marekani, yeni 100 Japani. Mchezaji aliyekaa saa nzima kwa sarafu moja alimtia hasara. Aliyekufa baada ya dakika tatu, huku akiamini kuwa safari ijayo atafika mbali zaidi, ndiye aliyelipa pango la ukumbi. Waundaji waliijua hesabu hiyo. Lakini gemu inayoua ovyo haimrudishi mtu mfukoni kutafuta sarafu nyingine. Ilibidi kila kifo kiwe na sababu ambayo mchezaji angeweza kuiona, na utamu wote wa gemu hizi umejengwa juu ya sharti hilo.

Ya kwanza kutikisa ilikuwa Defender ya kampuni ya Williams ya Chicago, iliyoundwa na timu ya Eugene Jarvis na kuingia kumbini mwaka 1981. Space Invaders ya Taito, ya mwaka 1978, ilikuwa imemfungia mchezaji kwenye skrini moja. Defender ilimpa ulimwengu mpana kuliko skrini, na rada ndogo upande wa juu ili ajue kinachotendeka asikokuona. Kukiongoza chombo kulihitaji kijiti cha kupandia na kushukia pamoja na vitufe vitano: kusonga mbele, kugeuka, kufyatua, kutupa bomu, na kurukia mahali pasipojulikana. Chini walikuwepo watu kumi wa kulindwa. Adui aliyefanikiwa kumbeba mmoja wao hadi juu aligeuka kuwa kiumbe kikali zaidi, na watu wote wakiisha, sayari yenyewe ililipuka. Wafanyabiashara walioiona kwenye maonyesho walihofia kuwa ni ngumu mno kwa wateja. Wateja waliicheza kwa wingi.

Mwaka huohuo Konami ya Japani ilitoa Scramble, iliyoleta kitu ambacho Defender haikuwa nacho: mandhari inayosogea yenyewe, bila kumsubiri mtu. Milima ilikuja, mapango yalibana, mafuta yalipungua, na kurudi nyuma hakukuwezekana. Tangu hapo ukuta ukawa adui sawa na risasi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya gemu hizi na zile ambazo chombo hupanda kwenda juu ya skrini; huko anga ni wazi, huku kuna dari na sakafu.

Gradius ya Konami, ya mwaka 1985, ilianza kama mpango wa kuiendeleza Scramble, ikaishia kuweka kanuni mpya. Chombo chake, Vic Viper, huanza kikiwa kizito na dhaifu. Baadhi ya maadui wakiuawa huacha kidonge, na kila kidonge husogeza taa hatua moja kwenye safu ya silaha chini ya skrini: mwendo, kombora, mzinga wa pande mbili, leza, kisha kimondo kidogo kinachofuata chombo na kufyatua pamoja nacho. Mchezaji ndiye anayeamua achukue sasa mwendo wa bei nafuu au avumilie hadi taa ifike kwenye leza. Akifa hupoteza kila kitu na kurudishwa nyuma, katikati ya maadui waliopangwa kupambana na chombo chenye silaha kamili. Ni adhabu kali kuliko kifo chenyewe, na ndiyo iliyowafundisha wachezaji kutembea kwa hadhari. Kazuhisa Hashimoto, aliyeihamishia Gradius kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo mwaka 1986, hakuweza kuimaliza alipokuwa akiijaribu. Akaficha ndani yake mfuatano wa vitufe unaompa mchezaji silaha zote kwa mkupuo, na mfuatano huo ukaja kuwa maarufu kuliko gemu yenyewe.

R-Type ya Irem, ya mwaka 1987, ilifikisha ufundi huu kileleni. Ina silaha iitwayo Force, tufe lisiloharibika linaloweza kubandikwa mbele au nyuma ya chombo, au kurushwa likapigane peke yake. Tena kitufe cha kufyatua kikishikiliwa, mstari chini ya skrini hujaa, na kikiachiwa hutoka wimbi zito. Lakini wakati wa kushikilia, risasi za kawaida hazitoki. Kwa hiyo kila sekunde ina uamuzi: kujilinda sasa au kungoja pigo kubwa. Hatua ya tatu nzima ni manowari moja kubwa, na mchezaji hujipenyeza kati ya mizinga yake na kingo za skrini akiibomoa kipande kwa kipande.

Ukali huo unavumilika kwa sababu maadui hutokea mahali palepale, wakati uleule. Jicho jepesi halitoshi. Anayeshinda ni anayekumbuka, kama dereva aliyezoea mashimo yote ya barabara ya kwao. Nchini Japani ujuzi huo uliheshimiwa hadharani: jarida la Gamest, lililoanza mwaka 1986, lilichapisha alama za juu kutoka kumbi mbalimbali, na kuimaliza gemu kwa sarafu moja kukawa kipimo cha ubingwa.

Mwaka 1991 Capcom ilileta Street Fighter II, gemu ya kupigana ana kwa ana. Watu wawili walilipa kwa mashine moja na aliyeshindwa alilipa tena, hivyo wenye kumbi wakaona faida iko huko. Irem iliacha kutengeneza gemu mwaka 1994, na baadhi ya watu wake wakaanzisha kampuni ya Nazca, iliyounda Metal Slug, gemu ya askari wa miguu, mwaka 1996. Waliosalia na mapenzi ya zamani hawakuiacha R-Type. Mwaka 2019 mashabiki walichanga fedha kupitia intaneti, na kampuni ya Granzella, yenye watu waliotoka Irem, ikatoa R-Type Final 2 mwaka 2021, ikiwa na Force ileile, mstari uleule wa wimbi, na vituo vya kurudishwa nyuma mtu anapokufa.