DNA na nasaba: Mwongozo kwa watafiti wa ukoo Kaskazini Mashariki

Katika familia nyingi za Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, mtoto hufundishwa kutaja jina la babake, la babuye na la mababu waliotangulia, kizazi baada ya kizazi, hadi amfikie mwasisi wa ukoo. Elimu hiyo huitwa abtirsi. Uchunguzi wa DNA umeleta shahidi wa pili kando ya kumbukumbu za wazee. Hata hivyo, shahidi huyo hujibu maswali machache tu, na anayetaka kumtumia hana budi kuyajua maswali hayo kwanza.

Aina tatu za uchunguzi

Uchunguzi wa kwanza ni wa kromosomu Y, ambayo mwanamume huirithi kutoka kwa babake pekee. Huo ndio mkondo unaofuatwa na abtirsi, hivyo wanaume wawili wanaodai babu mmoja wanaweza kulinganishwa. Lakini tahadhari inahitajika. Mwaka wa 2005, utafiti uliochapishwa kuhusu wanaume 201 wa Kisomali waliokuwa wakiishi Denmark ulibainisha kuwa asilimia 77.6 kati yao walikuwa katika kundi moja kubwa la kromosomu hiyo. Kwa hivyo, watu wa koo mbalimbali wanaweza kuwa katika kundi hilo bila kuwa na babu wa karibu. Ni ulinganisho wa kina tu unaoweza kuwatofautisha.

Wa pili ni wa DNA ya mitokondria, ambayo mama huwarithisha watoto wake wote, wake kwa waume. Huu hufaa pale abtirsi inaponyamaza, kwani majina ya akina mama hayamo katika orodha hiyo.

Wa tatu hupima urithi wa pande zote mbili. Mzazi na mwanawe hushiriki nusu ya urithi huo, na mabinamu wa kwanza takriban asilimia 12.5. Kadiri vizazi vinavyosonga ndivyo alama zinavyofifia. Aidha, pale ambapo mabinamu wameoana, jamaa wa mbali huonekana kuwa karibu kuliko walivyo.

Damu na ukoo

Katika historia ya eneo hili, si kila mwanaukoo alizaliwa ndani ya ukoo wake. Watu waliotafuta maji, malisho au ulinzi walipokewa na koo zenye nguvu na kuhesabiwa humo. Wasomali humwita mtu wa namna hiyo sheegat. Vilevile, mtafiti Günther Schlee alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1989 kwamba ukoo mmoja huweza kuwa na matawi katika makabila tofauti, yakiwemo Gabra, Rendille na Garre. Matokeo ya maabara yasiyolingana na abtirsi hayamaanishi, basi, kwamba wazee walisema uongo. Huenda wanaeleza namna ukoo ulivyoundwa.

Funzo la wakimbizi

Mwaka wa 2008, Marekani ilianza kwa majaribio kuwapima DNA wakimbizi jijini Nairobi, hasa Wasomali na Waethiopia, waliotaka kuungana na jamaa zao nchini humo. Majaribio hayo yalipanuliwa hadi mataifa mengine ya Afrika. Uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa katika chini ya asilimia 20 ya familia. Katika zilizosalia, angalau uhusiano mmoja ulikanushwa au watu walikataa kupimwa. Mpango huo ulisimamishwa mwaka huo, ukarejeshwa mwaka wa 2012 kwa sharti la kipimo kati ya mwombaji na wazazi au watoto wake wa kuzaa.

Maafisa walitaja udanganyifu. Lakini maabara haiwezi kumtenganisha mdanganyifu na shangazi aliyemlea yatima wa vita akimwita mwanawe. Kipimo huuliza nani alimzaa nani, ilhali familia inaposema "mtoto wetu" huenda inamaanisha mengi zaidi.

Kabla ya kupimwa

Mtafiti aanze kwa kuwarekodi wazee, kila mmoja peke yake, kisha alinganishe orodha zao. Halafu aandike swali moja mahususi na kuchagua uchunguzi unaolijibu. Inafaa kuwapima wazee kwanza, kwa ridhaa yao, maana wako karibu zaidi na mababu. Asilimia za "asili" zinazotolewa na kampuni za kibiashara ni makadirio, na haziwezi kutaja ukoo.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaweka taarifa za kijenetiki katika kundi la data nyeti. Taarifa hizo pia hufichua mambo ya ndugu ambao hawakupimwa. Ni busara jamaa wakubaliane mapema nani ataona matokeo, na watafanya nini iwapo yatapinga yale ambayo wameyaamini siku zote.