Kimeshikiliwa na Nini?

Pakacha halina msumari wala uzi. Msukaji huchukua kuti bichi, akaupasua uti wake kwa urefu, kisha akasuka vijani vyake kimoja juu kimoja chini, na ncha zinazobaki ndizo anazofungia kitako. Chombo kizima kimetoka kwenye kuti. Pakacha likishabeba maembe au samaki hadi likachakaa, hutupwa shinani mwa mgomba, likaozea hapo. Nimeanza na pakacha kwa sababu tangu Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tumekuwa tukiuliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Mimi naona swali zito zaidi ni hili: kimeshikiliwa na nini?

Nchini India, katika majimbo kama Odisha na Jharkhand, wanawake huingia msituni kuchuma majani ya mti uitwao sal. Huyapanga kwa duara, yakapandana, kisha huyabana kwa vijiti vyembamba, mara nyingi vya mwanzi. Sahani hiyo huitwa pattal, na hutumika harusini na hekaluni. Watu wakishakula, majani huliwa na ng'ombe au hutupwa jalalani, vijiti vikiwa humo humo. Hapo ndipo ninapoona undugu wake na pakacha: kifungo na kinachofungwa vina mwisho mmoja. Lakini siku hizi ziko pattal zinazogandamizwa kwa mashine, na baadhi zimetandazwa utando wa plastiki ili mchuzi usivuje. Kwa macho ni jani lile lile. Jani likishaoza, utando unabaki udongoni, au tumboni mwa ng'ombe.

Japani ina kisa kingine. Zamani vyombo vilisuguliwa kwa mafungu ya mabua ya mpunga yaliyofungwa kamba. Mwaka 1907, Nishio Shozaemon wa Tokyo akabuni brashi ya jikoni inayojulikana kama Kamenoko Tawashi. Alikuwa ametengeneza vifutio vya miguu kwa nyuzi za mimea ya jamii ya mnazi zilizobanwa na waya, lakini nyuzi zililala zilipokanyagwa. Nyuzi zile zile, zikizungushwa kuwa duara la kujaa kiganjani, zikafaa sana kusugulia. Ukiifumua tawashi utaona siri yake: nyaya mbili zimesokotwa pamoja, na nyuzi zimebanwa katikati. Kwa hiyo si yote inayooza. Waya husubiri kutu. Hata hivyo naikubali kuliko sponji ya dukani, ambayo humeguka vipande vidogo vya plastiki vinavyokwenda na maji machafu.

Kwetu nyuzi za nazi zina elimu yake. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga, mahali maji yanapojaa na kupwa, wakayakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na mkondo. Huyaacha humo miezi mingi. Yakifukuliwa yananuka vikali, na hupondwa kwa gongo mpaka nyama yote ya kumbi itoke, ukabaki usumba wa kusokotea kamba. Nyuzi za nazi hustahimili muda huo wote kwa sababu zimejaa lignini, dutu ngumu inayokataa kuoza haraka. Ndiyo iliyowezesha kamba ya usumba kushona mitepe, vyombo vilivyosafiri baharini bila misumari. Na ndiyo inayofanya kipande cha kumbi, ukikichovya kwenye majivu, king'oe ukoko wa sufuria siku baada ya siku bila kulegea. Wanaodhani kuwa kitu cha kuoza lazima kiwe dhaifu waende wakaivute kamba hiyo.

Tatizo la nyumba zetu leo umejificha kwenye maungio. Mifuko iliyoshika nafasi ya ile iliyokatazwa Tanzania mara nyingi ni ya polipropilini, plastiki iliyofanywa ifanane na kitambaa. Sahani zinazouzwa kama plastiki ya mahindi huhitaji mtambo maalumu wenye joto la karibu nyuzi 60 ili zioze vizuri. Kwenye shimo la taka la uani zitakaa tu. Hata kikapu cha ukili uliosukwa kwa miyaa, ambacho naamini ndicho mfuko bora tulio nao, siku hizi unaweza kukikuta kimeshonwa kwa nailoni.

Kwa hiyo ukiwa sokoni, kigeuze kikapu uangalie mshono. Uzi wa nailoni unang'aa na kuteleza kidoleni. Wa miyaa unakwaruza. Nailoni inanunuliwa dukani ikiwa tayari, ilhali miyaa lazima ikatwe, ianikwe na ichanwe kwa mkono kabla ya kushona hata pindo moja. Vikapu hivyo viwili vikiuzwa bei moja, anayekula hasara ni mwanamke aliyeshona kwa miyaa, na msimu ujao na yeye atanunua nailoni.