Kidato cha nne hadi chuo cha ufundi: Njia ya vijana wa Kakamega

KILA Januari matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, vifijo na nderemo hutanda katika shule zilizotia fora, na watahiniwa bora hubebwa juu kwa juu na wazazi wao. Shamrashamra hizo huwafunika walio wengi. Katika mtihani wa 2024, ambao matokeo yake yalitolewa Januari 9, 2025, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 ndio waliopata gredi ya C+ na zaidi, kiwango cha chini kabisa cha kujiunga na chuo kikuu kusomea shahada. Wengine zaidi ya 716,000 walibaki upande wa pili wa mstari huo.

Katika Kaunti ya Kakamega, iliyokuwa ya nne nchini kwa wingi wa watu katika sensa ya 2019 ikiwa na wakazi 1,867,579, ni nadra kupata boma lisiloguswa na jambo hili. Hata hivyo, shida kubwa si ukosefu wa vyuo vya kuwapokea vijana hao. Vyuo vipo. Shida imo katika kipindi kilichopo kati ya siku mtahiniwa anapoweka kalamu chini na siku anapoingia katika karakana ya chuo.

Miezi ya hatari

KCSE hukamilika Novemba na matokeo hutoka Januari. Maombi ya nafasi kupitia shirika la KUCCPS, linalowateua wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kadri, hufunguliwa baadaye, na wengi wa wanaoteuliwa huripoti Septemba. Kwa hesabu hiyo kijana huweza kukaa nyumbani takriban miezi 10.

Katika miezi hiyo wapo wanaoanza kuendesha boda boda, wapo wanaokata miwa kwa malipo ya kibarua, na wapo wanaoabiri basi la Nairobi kutafuta kazi ya mjengo. Baadhi ya wasichana huajiriwa kazi za nyumbani au huolewa. Kazi ya jasho si aibu. Lakini kijana aliyezoea kushika pesa zake kila jioni huona vigumu kurudi kuwa mwanafunzi asiye na senti, na barua ya kuitwa chuoni ikifika humkuta ameshajitwika majukumu mengine. Anayepotea hivyo hapotei kwa sababu ya gredi, bali kwa kukosa wa kumshika mkono kwa wakati.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba vyuo vya ufundi huwasajili wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Januari, Mei na Septemba. Aliyekamilisha kidato cha nne Novemba anaweza kufika chuoni mwenyewe matokeo yanapotoka na kuuliza nafasi ya muhula wa karibu, badala ya kungoja hadi Septemba.

Vyuo vilivyopo

Chuo kikubwa zaidi cha ufundi katika kaunti hii ni Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Sigalagala, kilicho kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu. Kilikuwa taasisi ya mafunzo ya kiufundi hadi 2016, kilipopandishwa hadhi pamoja na vingine kama vile Kabete, Kisii na Kitale. Hufunza uhandisi wa umeme na mitambo, ujenzi, biashara na fani nyinginezo.

Zipo pia taasisi za kiufundi za Shamberere, Bushiangala na Butere. Anayependa kilimo ana Chuo cha Kilimo cha Bukura. Anayelenga afya ana bewa la KMTC mjini Kakamega. Na anayetaka ualimu ana Chuo cha Walimu cha Eregi. Chini ya vyuo hivyo kuna vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwa serikali za kaunti. Huko hufunzwa uashi, useremala, ushonaji, uchomeleaji vyuma, umakanika na ususi, na gharama yake huwa nafuu.

Kipandio kilichotoka ngazini

Swali la hatima ya mwanafunzi baada ya shule si geni nchini. Mnamo 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza swali hilo waziwazi, na kutokana nayo vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kuchipuka mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, wananchi wa maeneo mbalimbali walichanga fedha kwa moyo wa harambee kujenga vyuo vya teknolojia.

Hapo Kakamega, chuo kilichojulikana kama WECO kilianzishwa 1972. Mnamo 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Vyuo anuwai vya Nairobi na Mombasa vilifuata mkondo huohuo: 2007 vilifanywa vyuo vikuu vishiriki, na 2013 vikawa vyuo vikuu kamili vya kiufundi.

Kakamega ilipata fahari ya kuwa na chuo kikuu, lakini ngazi ilipoteza kipandio cha katikati. Aliyepata C au D alibaki akitazama jengo ambalo huenda wazazi wake walilichangia, ila mlango wake wa shahada ulikuwa umepanda juu kuliko gredi yake. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 na ujenzi wa vyuo vya ufundi katika maeneobunge ni juhudi za kukirudisha kipandio hicho.

Nchini Marekani, ambako Joliet Junior College ilifunguliwa karibu na Chicago mnamo 1901 na kuwa ya kwanza miongoni mwa vyuo vya jamii vya umma, mwanafunzi huweza kusoma miaka miwili karibu na kwao kisha akahamia chuo kikuu bila kuanza upya. Sheria ya Kenya ya 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma ililenga jambo kama hilo: anayeanza na cheti aweze kupanda hadi stashahada, na hatimaye shahada.

Gredi na daraja

Mafunzo ya ufundi yamepangwa kwa madaraja. Stashahada, yaani Daraja la 6, huhitaji gredi ya C- katika KCSE. Cheti cha Daraja la 5 huhitaji D. Daraja la 4 humpokea hata aliyepata E. Kozi nyingine huwa na masharti zaidi: KMTC, kwa mfano, hudai C kwa stashahada na C- kwa cheti, pamoja na alama maalumu katika masomo fulani.

Maana yake ni kwamba hakuna gredi ya KCSE inayofunga milango yote. Aliyepata D akaanzia Daraja la 5 anaweza kuendelea hadi la 6 akifaulu. Kosa la kawaida ni kijana kukataa daraja linalomfaa kwa kuona haya mbele ya wenzake, akakaa nyumbani mwaka mzima akisubiri miujiza. Wahenga walisema: Ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno. Kozi ambayo mmoja huidharau ndiyo inayomjengea mwenzake nyumba.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi anapaswa kuhakikisha kuwa chuo na kozi vina idhini ya TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2013 kusimamia vyuo hivi. Cheti cha chuo kisicho na idhini hakimsaidii mwenye nacho anapotafuta kazi au nafasi ya kuendelea na masomo.

Karo na stakabadhi

Katika mpango ulioanza 2018, serikali ilimlipia kila mwanafunzi wa chuo cha umma cha ufundi Sh30,000 kwa mwaka, naye angeweza kuomba mkopo wa hadi Sh40,000 kutoka Bodi ya HELB. Mnamo 2023 mfumo ulibadilishwa, na msaada ukaanza kupimwa kulingana na hali ya familia: sehemu huwa ruzuku, sehemu mkopo, na sehemu hulipwa na familia. Kwa kuwa viwango hubadilika, ni busara kuomba orodha ya karo kutoka chuoni kwenyewe, na kuuliza pia gharama za malazi, sare na vifaa vya kazi.

Mara nyingi kinachomkwamisha kijana ni makaratasi. Atahitaji cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE, barua ya kuhitimu shule na, akishatimu miaka 18, kitambulisho cha kitaifa. Anayengoja hadi wiki ya mwisho ya kuomba mkopo ndipo aende kwa chifu kuanza safari ya kitambulisho huchelewa.

Wapo pia ambao vyeti vyao vya KCSE vimebaki shuleni kwa sababu ya malimbikizo ya karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inasema cheti hakipaswi kuzuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Deni la karo hubaki deni na shule inaweza kulidai kwa njia nyingine, lakini cheti ni mali ya mtahiniwa.

Kutoka karakana hadi ajira

Kwa miaka mingi, kijana wa magharibi mwa Kenya aliyejua umakanika au umeme aliota kazi katika kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa 1973. Kampuni hiyo iliwekwa chini ya mrasimu 2019 baada ya miaka ya hasara na madeni. Anguko lake lilifunza kwamba si salama kuelekeza mafunzo yote kwa mwajiri mmoja, na kwamba ujuzi mzuri ni ule unaoweza kuhama na mwenyewe: fundi wa mitambo ya kiwanda anaweza kutengeneza trekta, pampu ya maji au mashine ya kusaga mahindi.

Ndiyo maana kipindi cha mafunzo kazini, ambapo mwanafunzi hutumwa kufanya kazi halisi nje ya chuo, ni muhimu sawa na mtihani. Kijana anapaswa kuanza kutafuta nafasi hiyo mapema, hata katika karakana ndogo ya jua kali. Huko hujifunza kukadiria bei, kuzungumza na mteja na kumaliza kazi kwa siku aliyoahidi.

Waliojifunza kazi mitaani bila kuingia chuoni nao hawakusahaulika. Mamlaka ya NITA hutoa mitihani ya ufundi ya serikali ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na upo utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu kazini na kuupa cheti.

Wajibu huanza shuleni

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 Januari 2026, wakigawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangiwa 2027. Hadi wakati huo, kila mwalimu mshauri ana jambo rahisi la kufanya: kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha nne kuona karakana za chuo kilicho karibu kabla ya mtihani, na kuhakikisha kila mmoja ameondoka shuleni akijua kozi mbili anazoweza kuomba, kwa gredi yoyote atakayopata.

Mzazi naye asingoje matokeo ndipo aulize. Novemba hadi Januari ni muda wa kukusanya stakabadhi, kutembelea chuo na kuketi na mtoto kumsikiliza. Kijana akishajua aendako kabla matokeo hayajatoka, gredi itamwambia aanzie daraja gani. Haitamwambia kwamba safari imekwisha.